KEKI YA SHEREHE ISIMAME KWA VIJITI, ISISIMAME KWA DENI



Wiki mbili zilizopita wamama wanne walinikuta shuleni wakati wa mapumziko. Nikadhani wamekuja kwa ajili ya watoto wao. Kumbe hapana. Mmoja akasema, "Mwalimu, wewe unaandika mambo ya sabuni, ya bustani, ya malaria. Mbona hujaandika keki? Desemba inakuja na harusi ziko, ubatizo uko, na sisi ndio tunaoka." Nikaona wana haki. Basi leo tuongee keki ya sherehe: jinsi ya kuijenga isimame, jinsi ya kuipamba, na mwisho jambo moja la pesa ambalo naomba msiliruke.

KEKI YANGU ILIYOANGUKA

Nianze na aibu yangu, ili mjue siandiki kama fundi mkubwa.

Miaka miwili iliyopita mwalimu mwenzetu alifunga ndoa. Walimu tulichanga pesa ya keki kidogo kidogo kwa wiki tatu. Mimi nikainua mkono, "Hiyo keki niachieni mimi." Nilikuwa nimeshaoka keki nyingi za birthday, lakini zote za gorofa moja. Hii walitaka gorofa tatu.

Nikaoka usiku. Nikaongeza baking powder ili ziumuke sana, zikawa laini kama sifongo. Asubuhi nikazipanga moja juu ya nyingine, nikapaka krimu, nikazifunga ndani ya beseni na kupanda nazo boda, kwenye barabara ya changarawe. Tulipofika, keki ilikuwa imeinama kama nyumba ya udongo baada ya mvua. Nikainyoosha kwa mkono. Tukaiweka chini ya turubai, na saa nane jua likawa kali.

Kwaya ilipoanza kuimba, ya juu ikazama ndani ya ya katikati, na ya katikati ikapasuka. Watu wakanyamaza. Mama wa bibi harusi ndiye aliyeokoa siku ile. Alivua kitenge chake cha juu, akazungushia meza, akaita sahani na kijiko. Akasema, "Ni keki tu, iko na sukari ile ile. Watoto watakula." Maharusi wakalishana kwa kijiko. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya jiko.

Baadaye nilienda Arua kwa dada mmoja anayeoka keki za kuuza, nikamuuliza kosa liko wapi. Akacheka, akaniambia, "Mwalimu, wewe ulijenga paa bila nguzo." Yafuatayo mengi nilijifunza kwake, mengine kwa wamama wa kijiji chetu.

1. MCHANGANYIKO WA KEKI INAYOBEBA

Keki ya chai na keki ya gorofa si kitu kimoja. Ya gorofa iwe na mwili kidogo. Kwa sufuria yenye upana wa sentimita 20 tumia:

Unga wa ngano nusu kilo. Sukari robo kilo. Margarini robo kilo. Mayai 5 au 6. Baking powder vijiko vya chai 3, vya kusawazisha, si vya kilima. Maziwa kikombe kimoja, uongeze kidogo kidogo. Ganda la limau lililokwaruzwa kama unalo.

Piga margarini na sukari mpaka iwe nyeupe, ongeza yai moja moja, kisha unga na maziwa kwa zamu. Mchanganyiko uanguke polepole kutoka kwenye mwiko, usitiririke.

Msiongeze baking powder kama mimi. Huku kwetu tuko juu kidogo: mji wa Arua uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mahali palipo juu hewa ni nyepesi, keki huumuka haraka kuliko pwani, halafu inabonyea katikati. Kipimo kinachotosha Mombasa, huku kinaweza kuzidi.

Na kabla ya kutumia ile iliyokaa dukani, weka kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Ikitoa povu, iko hai. Ikilala kimya, usipoteze mayai yako.

2. KUOKA KWA SUFURIA

Wengi wetu hatuna tanuri, na hakuna shida. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga safi uliooshwa na kukaushwa, unene wa vidole viwili. Funika, pasha moto dakika 15. Weka ndani sufuria ndogo ya keki iliyopakwa mafuta na karatasi. Funika, weka makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Hapo ndipo wengi tunaunguza: tunawasha sigiri kama tunapika maharagwe.

Usifunue kabla ya dakika 35. Kwa kawaida itachukua saa moja hivi. Pima kwa spoku ya baiskeli iliyooshwa vizuri: ikitoka kavu, keki imeiva.

Mambo mawili ya usalama. Msioke ndani ya nyumba iliyofungwa usiku. Moshi wa makaa usioonekana unaua watu wakiwa wamelala, na hauna harufu. Okeni nje, au jikoni penye upepo. La pili, kuni na makaa ni shida kwetu na kwa wenyeji wetu pia. Wenzangu wawili wakioka siku moja, watumie moto mmoja, keki moja ikitoka nyingine iingie.

Keki ikipoa, ifunge kwa kitambaa safi, ilale usiku mmoja. Keki ya moto ukiikata ili kuisawazisha inamomonyoka. Kesho yake kata kile kilima cha juu kwa uzi uliovutwa kwa mikono miwili. Makombo wape watoto, wamengoja tangu jana.

3. HESABU YA DUARA

Hapa nitakuwa mwalimu kidogo, mnisamehe. Mama mmoja aliniuliza, "Sufuria ya 20 inataka nusu kilo ya unga. Ya 30 si nitaongeza nusu ya hapo?" Hapana. Duara halihesabiwi hivyo. Zidisha upana kwa upana. 20 mara 20 ni 400. 30 mara 30 ni 900. Kwa hiyo sufuria ya 30 inataka mara mbili na robo, yaani unga kilo moja na zaidi ya gramu 100. Ukikosea hapo, keki ya chini inakuwa bapa kama chapati, na wewe umeshanunua mayai.

Kwa wageni wengi, trei ya pembe nne ni bora kuliko ya duara. Trei ya sentimita 30 kwa 30 ukikata vipande vya 5 kwa 5 unapata vipande 36 bila kubakisha kona. Ziweni za duara zile za kuonekana mezani, na za trei zikae jikoni kwa ajili ya wageni. Hilo tutalirudia chini.

4. VIJITI NDIVYO VINABEBA

Sote tumejenga nyumba hapa. Udongo wa ukuta haubebi paa, miti ndiyo inabeba. Keki ni hivyo hivyo. Krimu ni udongo. Usiipe kazi ya kubeba.

Kila gorofa ikae juu ya karatasi ngumu ya katoni, iliyokatwa sawa na upana wake na kufunikwa foili. Kwa keki ya chini, tafuta vijiti vya mianzi au vya mishikaki. Vya mianzi vimenye, vichemshe, uvikaushe juani. Usichukue mti usioujua porini, kuna miti ina utomvu wenye sumu. Usichukue pia mbao za ujenzi zilizopakwa dawa.

Choma kijiti kimoja katikati ya keki mpaka kiguse chini. Weka alama pale kinapotokea juu, kitoe, ukikate. Vingine vyote vipime kwa hicho kimoja, ili vilingane. Kimoja kikizidi, keki ya juu itayumba kama meza ya darasani. Weka vitano kwa duara, ndani ya eneo ambalo keki ya juu itakaa. Gorofa ya pili nayo ipate vitatu kama itabeba ya tatu. Sasa uzito unapita kwenye vijiti mpaka mezani, na keki yenyewe haibebi kitu.

Mwisho, kijiti kirefu kimoja, kilichochongwa ncha kama penseli, kipite katikati ya zote kutoka juu mpaka chini. Hicho kinazuia kuteleza.

Vihesabu, halafu mwambie atakayekata: "Tisa viliingia, tisa vitoke." Watoto wetu wanakula haraka, wasije wakameza mbao.

5. KRIMU BILA SUKARI YA DUKANI

Sukari laini ya aisingi inapatikana Arua mjini, na Koboko pia mara nyingine, lakini bei inauma. Njia ya kwanza: twanga sukari ya kawaida kwenye kinu kikavu, chekecha kwa kitambaa chepesi. Itafaa kunyunyizia, kama wamama wa Sudani Kusini wanavyonyunyizia kaak zao za sikukuu.

Njia ya pili ndiyo naipenda, krimu ya uji. Koroga vijiko 4 vya mezani vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maziwa baridi. Pika huku ukikoroga mpaka iwe uji mzito, uache upoe kabisa. Pembeni piga margarini robo kilo na kikombe kimoja cha sukari uliyotwanga, mpaka mkono uchoke na rangi iwe nyeupe. Ongeza ule uji kijiko kimoja kimoja, endelea kupiga. Uji ukiwa na joto, margarini itayeyuka na kazi yote itaharibika. Krimu hii ina maziwa, na sisi hatuna friji. Ipake siku ya sherehe asubuhi, iliwe siku hiyo hiyo.

Ile aisingi nyeupe ngumu inapigwa kwa ute wa yai. Inapendeza, lakini yai bichi lina hatari kwa watoto wadogo, wamama wajawazito na wazee. Sherehe zetu zimejaa hao watatu, kwa hiyo mimi nimeiacha kabisa.

Kupaka: mara ya kwanza paka krimu nyepesi ya kufunga makombo, acha ikauke kidogo mahali pa baridi. Ndipo upake ya pili, ya kuonekana. Kisu kilichochovywa kwenye maji ya moto na kupanguswa kinalainisha uso kama kioo.

Kwa maua na mistari, pakiti nene ya maziwa iliyooshwa vizuri inatosha kuwa mfuko wa kukamulia. Kata kona ndogo. Kona ya moja kwa moja inatoa kamba. Kona iliyokatwa kama herufi V inatoa jani. Fanya mazoezi juu ya sahani, rudisha krimu mfukoni, rudia. Hakuna aliyezaliwa akijua.

6. RANGI

Nimesikia jambo limenitisha. Kuna mtu alipaka keki ya mtoto kwa ile rangi ya unga ya kutia mikeka na vikapu. Wazazi, hapana! Rangi ya mikeka si chakula. Na zile chembe za kung'aa za kadi za Krismasi pia si chakula. Tunazo rangi zetu:

Nyekundu na waridi: chemsha karkade kwenye maji kidogo mpaka yabaki vijiko vichache, chuja, tone la limau. Usichanganye na magadi wala baking soda, itageuka kuwa ya bluu au ya kijivu. Biti lililokwaruzwa na kukamuliwa pia linafaa.

Njano: manjano, ncha ya kijiko tu, ikizidi keki itanukia mchuzi.

Kijani: majani ya dodo yaliyochemshwa kidogo, kupondwa na kukamuliwa.

Kahawia: kakao, au kahawa nzito.

Ongeza rangi tone kwa tone, maji mengi yanaikata krimu. Simsim iliyokaangwa kidogo inapendeza pembeni mwa keki, karanga zilizotwangwa pia. Lakini karanga zenye ukungu au uchungu msitie, hata kama ni za bure.

Kuhusu maua ya kweli: mengi ya uani ni sumu. Oleanda, ile ya maua ya waridi inayopandwa kando ya ua, ni sumu kali kuanzia jani mpaka shina. Kama hulijui ua, liache kwenye mti wake.

7. JINA LA MTU

Hapa naomba tusimame kidogo.

Sisi tumezoea majina yetu kuandikwa vibaya. Karatasi hii ina herufi moja zaidi, karatasi ile imeweka jina la babu mahali pa baba, na kurekebisha ni foleni ya siku nzima. Mtoto wangu mmoja wa darasani ana majina matatu tofauti kwenye karatasi tatu, na yote anayaitikia.

Siku ya sherehe yake, mtu aone jina lake kama lilivyo. Kabla ya kuandika, mpe mwenye sherehe kalamu na karatasi, aandike mwenyewe kwa herufi kubwa. Kama hajui kuandika, atamke polepole, uandike, umsomee, akubali. Usikisie, eti "Si ni jina la kawaida?" Majina ya Kikakwa, Kilugbara, Kilingala na Kiarabu yote yako hapa, na kila mmoja anajua lake.

Kisha hesabu herufi, pima nafasi. Choma vitundu vidogo kwa sindano safi juu ya krimu, ukifuata karatasi, ndipo ukamue juu yake. Hutaishiwa nafasi na kubananisha herufi mbili za mwisho pembeni.

8. SAFARI NA MEZA

Usisafirishe keki ikiwa imepangwa. Kila gorofa isafiri katika katoni yake, na abiria aipakate mapajani. Boda umwambie mapema, na umwongezee kidogo kwa kwenda polepole, kwa sababu lami ikiisha mashimo yanaanza. Ukifika ndipo upange. Beba krimu ya akiba, kisu, vijiti viwili vya ziada.

Chini ya turubai ni joto kuliko nje. Afadhali kivuli cha mwembe mpaka saa ya kukata. Na sisimizi mnawajua: weka kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji.

9. SASA JAMBO LA PESA

Mwaka jana mama mmoja jirani alikuja kwangu jioni na karatasi. Watu wengi wanakuja niwaandikie barua, ni kazi ya mwalimu. Alitaka barua ya kuomba mkopo kwenye kikundi chao cha akiba. Nikauliza, "Mama, mkopo wa nini?" Akasema, "Wa keki." Binti yake anaolewa, na upande wa mume wameona picha kwenye simu, wanataka gorofa tano. Nikauliza tena, "Na utalipa na nini?" Akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na ile ya ada ya kijana."

Mnajua hali yetu. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani liligawa familia za wakimbizi Uganda katika makundi matatu, wengine wakapunguziwa, wengine wakatolewa. Mwaka 2025 wengi zaidi wakakatwa. Kijana wake alikuwa sekondari mwaka wa tatu. Muhula mmoja nje, na wengi hawarudi tena. Nimewaona kwa macho yangu.

Sikuandika ile barua. Nikamwambia, "Mama, gorofa tano zitasimama. Lakini mbili ziwe keki, tatu ziwe katoni."

Akaniangalia. "Mwalimu, si huo ni uongo?"

Nikamweleza jambo ambalo nililisoma, nami nawaeleza ninyi. Uingereza wakati wa vita kuu ya pili watu waliishi kwa mgao na kadi, kama sisi. Sukari iliingia kwenye mgao Januari 1940, na haikutoka mpaka Septemba 1953. Agosti 1940 serikali ilikataza kabisa keki za kuuza kupambwa kwa aisingi ya sukari. Harusi hazikuacha kufungwa. Watu walikodisha keki ya uongo, ya katoni na plasta, nyeupe na ndefu, na chini yake wakaficha keki ndogo ya kweli. Picha ikapigwa, kifuniko kikainuliwa, keki ndogo ikakatwa, na kesho kifuniko kikaenda kwenye harusi nyingine.

Mama akauliza, "Wazungu? Kwa mgao?" Nikasema ndiyo, miaka zaidi ya 13. Akacheka mpaka akakaa chini.

Tukafanya hivi. Gorofa ya chini kabisa na ya juu kabisa zilikuwa keki ya kweli: ya chini maharusi wakate, ya juu wapelekewe wazee. Tatu za katikati zilikuwa katoni za biskuti, zilizokatwa duara, zikapangwa na kugandishwa kwa uji wa unga, zikafungwa kwa foili na kupakwa krimu. Msitumie katoni zilizobeba dawa ya wadudu au rangi. Na krimu ya juu yake iwe ya kuliwa, kwa sababu watoto watalamba, hata ukiwakataza. Wageni walipewa keki ya trei, iliyokatwa jikoni, kila mtu kipande.

Sharti nililompa lilikuwa moja: asifiche. Mwoka keki anayechukua pesa ya gorofa tano na kuleta katoni bila kusema, huyo ni mwizi. Mama yule alimwambia shangazi wa bwana harusi mwenyewe, wiki moja kabla. Shangazi akauliza jambo moja tu: "Ya kukata ipo?" Akaambiwa ipo. "Basi."

Siku yenyewe mjomba mmoja aligonga gorofa ya tatu kwa kidole, ikalia ngo, ngo. Watu walicheka vizuri, na bibi harusi alicheka kuliko wote. Picha zao nimeziona, keki imesimama wima. Na shule zilipofunguliwa, kijana alikuwa darasani siku ya kwanza. Zile katoni bado ziko kwa mama yule, zimefungwa juu ya paa, panya wasizifikie. Zimeshasimama kwenye harusi nyingine mbili, na anazikodisha kwa bei ndogo.

Kwa wanaooka kuuza, nanyi msikilize: andikeni daftari. Unga, mayai, makaa, boda, na kazi ya mikono yenu, yote iandikwe kabla ya kutaja bei. Chukueni arubuni ya nusu ili msinunue vitu kwa deni lenu. Na mteja akitaja keki inayomzidi, msifurahie tu oda kubwa. Muulizeni kwa upole atalipa na nini. Ni jirani yako, kesho mtakutana bombani.

Kwa leo naishia hapa. Kama una njia yako ya kuoka au kupamba ambayo sijaitaja, niletee shuleni, kwa maandishi au kwa mdomo, nami nitaiweka mwezi ujao bila kusahau. Wamama wa Imvepi, nasikia mnaoka kwa pipa lililokatwa. Tuelezeni mnavyofanya moto usiunguze chini, maana huku tumeshindwa.

Na kama kuna mtu yeyote anafunga ndoa Desemba, anitafute. Sasa najua kuhesabu vijiti.

Wenu, mwalimu wa kujitolea, Lobule.